Soya, mahindi na karatasi zake: namna ya kuvusha mzigo unaogusa GMO

Kazi yangu ni nyaraka za nafaka. Silimi, sisagi wala siuzi. Ofisini kwetu Kurasini ninaandaa karatasi za mahindi, soya, mashudu, ufuta na mbegu zinazopita bandari ya Dar es Salaam, na mara mojamoja za Mombasa, kwa niaba ya watu ambao fedha zao tayari zimo ndani ya meli. Swali la GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, hunijia mara kwa mara, na ubaya wake ni kwamba huja limechelewa. Meli imeshang'oa nanga, ndipo mteja anapiga simu: "Hivi hii inaruhusiwa?"

Mjadala wa kama GMO inafaa kuliwa nimewaachia wengine; vijiwe vya kahawa havijauchoka. Mimi nazungumzia mpakani. Na mpakani ni nadra mzigo wa GMO kukwama kwa sababu umethibitika kuwa na madhara. Unakwama kwa sababu kilichoruhusiwa unakotoka hakijaruhusiwa unakokwenda, au kimeruhusiwa lakini karatasi haikukitaja. Yote mawili yanatibika kabla ya kupakia. Baada ya kupakia unabaki kubembeleza tu.

Kinaota au hakioti?

Anza hapa, kabla ya bei na kabla ya kutafuta meli. Sheria kuu ya kimataifa ni Itifaki ya Cartagena. Jina ni la mji wa Colombia ambako mazungumzo yalivunjika mwaka 1999. Makubaliano yenyewe yalipatikana Montreal, Januari 2000, yakaanza kutumika Septemba 2003. Kenya ndiyo nchi ya kwanza kuitia saini. Tanzania ilijiunga mwaka 2003.

Itifaki hiyo inagusa vitu vilivyo hai. Punje ya hindi iko hai: ikidondoka kwenye lori pale Chalinze na mvua ikanyesha, inaota. Unga hauoti. Mafuta ya soya hayaoti. Mashudu yaliyopitishwa kwenye joto na kukamuliwa hayaoti. Mwaka 2002, ukame ulipoibana kusini mwa Afrika, Zambia ilikataa katakata mahindi ya msaada yenye GMO, lakini Zimbabwe na Msumbiji zilikubali kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Hofu ilikuwa mkulima kuchukua debe moja la msaada na kulipanda.

Hata kwa vilivyo hai kuna njia mbili. Mbegu za kupanda zina njia ndefu: anayepeleka anatoa taarifa kwa maandishi, nchi inayopokea inapaswa kujibu ndani ya siku 90 kwamba imeipata, na kutoa uamuzi ndani ya siku 270 tangu ilipoipokea. Isipojibu, usidhani imekubali. Itifaki inasema wazi kwamba kimya si ridhaa. Nafaka ya kuliwa, ya kulisha mifugo au ya kusagwa ina njia fupi. Nchi iliyoidhinisha aina fulani itumike kwake inatangaza ndani ya siku 15 kwenye tovuti ya Itifaki iitwayo BCH, na nchi nyingine zinaamua kwa sheria zao za ndani kama ziingize au la. Ifungue hiyo BCH na utafute jina la nchi unayofanya nayo biashara. Ni bure na haihitaji kujisajili ili kusoma.

Mzee mmoja mwenye kiwanda cha chakula cha kuku aliwahi kunipigia akiwa amekasirika. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kisha: "Mwanangu, hawa watu wa mazingira wananitakia nini? Mimi naleta mashudu, sileti mbegu!" Nikamwambia, mzee, mbele ya Itifaki una hoja. Mbele ya sheria ya nchi huna. Kanuni za Tanzania za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hazikuishia kwenye kiumbe hai. Zinazitaja na bidhaa zake. Umoja wa Ulaya nao unataka hata mafuta yaliyosafishwa kutoka soya ya GMO yaandikwe hivyo kwenye lebo, ingawa maabara ikiyapima inaweza isikute chochote. Kwa hiyo ukishajua kwamba kitu chako hakioti, umejua tu ni mlango gani umepungua. Haimaanishi kwamba milango yote iko wazi.

Kila nchi na kalenda yake

Watu hupenda kuuliza "dunia inasemaje kuhusu GMO?" Dunia haisemi kitu kimoja. Marekani, Argentina, Kanada na Australia, ambazo huuza nafaka na soya kwa wingi, hazimo kwenye Itifaki ya Cartagena kabisa. Brazil, inayolima GMO kwa wingi vilevile, imo. Muuzaji wa Argentina hatavunja sheria ya kwao akikuletea ankara isiyotaja GMO hata mara moja. Wewe wa Dar es Salaam au Mombasa ndiye mwenye kuwajibika, na ndiyo maana unayoyataka lazima uyaandike kwenye mkataba wa mauziano. Usitegemee atayaandika kwa hisani.

Kwetu Afrika, Afrika Kusini ina sheria ya GMO tangu 1997 na sehemu kubwa ya mahindi yake ni ya GMO, meupe kwa ya njano. Hili narudia kwa kila mteja mpya, kwa sababu wengi wanaamini GMO ni mahindi ya njano. Rangi haikuambii kitu. Malawi iliruhusu pamba, Zambia imeshikilia msimamo wake, Uganda bunge lilipitisha muswada mara mbili, 2017 na 2018, na mara zote mbili rais hakutia saini.

Kenya inataka uifuatilie kama mwezi wa Ramadhani. Ina Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009, ina Mamlaka ya Kitaifa ya kusimamia mambo haya, NBA, na adhabu yake si ya mchezo: faini hadi shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo hadi miaka 10. Novemba 2012 baraza la mawaziri lilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO, miezi michache baada ya utafiti wa Ufaransa kuhusu panya waliolishwa mahindi ya GMO kuchapishwa. Jarida lililouchapisha likauondoa Novemba 2013. Marufuku ikabaki. Iliondolewa Oktoba 2022, kesi zikafunguliwa, moja ikatupwa mwaka 2023, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikatoa amri ya kusimamisha uingizaji na upandaji wakati rufaa ikisubiri. Mfanyabiashara aliyesoma kichwa cha habari cha 2022 na kuagiza meli bila kufuatilia mahakama alijiweka pabaya. Kabla ya kusaini mkataba wa Mombasa, iandikie NBA uulize hali ya wiki hiyo na upate jibu la maandishi. Jibu la simu halina kazi mbele ya afisa wa forodha.

Tanzania ni rahisi kueleza zaidi. Hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara. Jaribio la mahindi pale Makutupora, Dodoma, lilianza 2016, na Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame. Anayesimamia usalama wa bayoteknolojia ni Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira. Afya ya mimea iko TPHPA, viwango vya chakula viko TBS, mbegu ziko TOSCI. Kibali cha mmoja hakifuti cha mwingine. Nimeona mtu ana cheti kizuri cha afya ya mimea, anakipunga hewani, wakati cheti hicho kinazungumzia wadudu na magonjwa tu. Hakisemi lolote kuhusu vinasaba mpaka uombe maelezo hayo yaongezwe, na si kila nchi inayotoa cheti itakubali kuyaongeza.

Na mzigo wa kupita tu? Shehena ya Lubumbashi, Kigali au Bujumbura inayoshukia Dar haiingii kwenye ule utaratibu mrefu wa Itifaki. Lakini Itifaki hiyohiyo inaipa nchi ya kupitia haki ya kuweka masharti yake. Nafaka inayoota ikipita barabarani kwa lori, tegemea kuulizwa kuhusu maturubai, lakiri na njia.

Kitambulisho cha badiliko

Sasa twende kwenye kiini, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Serikali haziidhinishi "mahindi ya GMO" kwa jumla. Zinaidhinisha badiliko mojamoja: jeni fulani iliyoingizwa mahali fulani kwenye mmea na kampuni fulani. Kila badiliko lina kitambulisho cha herufi na tarakimu, jumla yake tisa, kwa mpangilio wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea. Mahindi ya MON810, yanayojikinga na viwavi wa bua, ni MON-ØØ81Ø-6. Soya ya kwanza iliyovumilia dawa ya magugu ni MON-Ø4Ø32-6. Sifuri zina mkwaju ili zisichanganywe na herufi O. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, kwamba hukukosea kunakili. Ukipokea karatasi imeandikwa "genetiki salama" au "aina iliyoidhinishwa" bila kitambulisho hiki, irudishe.

Kwa nini nang'ang'ana hivyo? Chukua kisa cha mahindi ya MIR162, SYN-IR162-4. Marekani iliyaruhusu 2010, wakulima wakayapanda. China, mnunuzi, ilikuwa bado inatafakari. Kuanzia Novemba 2013 China ikaanza kurudisha shehena zenye chembe za badiliko hilo, na haikuliidhinisha hadi Desemba 2014. Katikati hapo bei ilianguka, wakulima na wauzaji wakaenda mahakamani, na kampuni yenye mbegu, Syngenta, ikakubali kulipa dola bilioni 1.51. Hindi lilikuwa lilelile, la kabla ya Desemba na la baada. Kilichokosekana ni muhuri wa nchi moja.

Mchele wa LL601 ulikuwa balaa la namna nyingine: Agosti 2006 Marekani ilitangaza kwamba mchele wa GMO ambao haukuwa umeidhinishwa popote uuzwe, wala kwao wenyewe, umekutwa ndani ya mchele wa kibiashara. Masoko ya Ulaya na Japani yakafunga milango. Mwaka 2011 kampuni ya Bayer ikakubali kulipa wakulima dola milioni 750.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe muuzaji orodha ya mabadiliko yote yanayolimwa nchini kwake kwa zao hilo, si yaliyo kwenye ghala lake tu. Chukua orodha ya yaliyoidhinishwa nchi ya mwisho, na ya nchi ya kupitia kama inayo. Zilaze pamoja mezani. Badiliko lolote lililo kwenye orodha ya kwanza na halimo kwenye ya pili ndilo tatizo lako, na lijulikane sasa. Mbegu moja inaweza kubeba mabadiliko mawili au matatu kwa pamoja, na baadhi ya nchi huhesabu mchanganyiko huo kuwa kitu kipya kinachotaka idhini yake. Kama orodha hazioani, tafuta chanzo kingine. Soya isiyo ya GMO ipo karibu: Zambia, Malawi, hapa kwetu Tanzania, na India pia, ambako soya ya GMO hailimwi kisheria.

Neno moja kuhusu mazao yaliyohaririwa jeni bila kuingizwa jeni ya kigeni. Muuzaji atakuambia "hii si GMO". Kwao inaweza kuwa kweli. Argentina iliweka utaratibu wake 2015, Kenya ilitoa mwongozo 2022. Lakini mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2018 kwamba mazao hayo yanaingia kwenye sheria ya GMO. Nayo yapitishe mezani palepale.

Sampuli, kabla ya maabara

Wateja wanapigania maabara ipi ni nzuri, na sampuli wanamtuma kijana wa ghala akachote kopo moja juu ya gunia la kwanza. Cheti kinachotoka hapo kinaeleza kopo, hakielezi tani 500.

Hesabu yake si ngumu. Kama katika shehena kuna punje moja ya GMO kwa kila punje 1,000, na ukachota punje 3,000 kutoka kila upande, nafasi ya kupata angalau moja ni asilimia 95. Punje 3,000 za mahindi ni kama kilo moja. Ukichota punje 300, nafasi ya kuikosa ni kubwa kuliko ya kuipata. Ndiyo maana sampuli ya maabara lazima itokane na michoto mingi midogo, iliyochukuliwa wakati nafaka inatiririka kuingia melini au kwa kuchoma magunia ya juu, ya kati na ya chini, kisha ikachanganywa na kupunguzwa kwa utaratibu. Mikataba ya nafaka ya GAFTA, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa nafaka, ina kanuni zake za sampuli, namba 124. Itaje kwa namba kwenye mkataba wako. Achote mtu wa kampuni huru ya ukaguzi, na mifuko ipigwe lakiri hapohapo, kila upande ubaki na wake.

Kuna vipimo vya aina mbili utakavyosikia. Vijiti vya kuchovya, vinavyofanana na vya kupima ujauzito, hutafuta protini. Ni vya haraka na vinafaa getini, lakini kijiti kimoja hutafuta protini moja, na nafaka iliyopikwa au kuchemshwa haikiitiki. PCR hutafuta DNA yenyewe. Kwa kawaida maabara huanza na vipande viwili vinavyotumika katika mabadiliko mengi, 35S na NOS. Visipoonekana, usishangilie bado: yapo mabadiliko ambayo hayana 35S. Vikionekana, usilie bado pia: 35S ilitolewa kwenye virusi vya asili vya jamii ya kabichi, kwa hiyo mzigo uliochanganyika na mabaki ya mimea hiyo unaweza kuonyesha alama bila kuwa na GMO yoyote. Uliza maabara, kwa maandishi, imepima mabadiliko gani kwa vitambulisho, kiwango chake cha chini cha kugundua ni kipi, na kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa kipimo hicho hasa. Ithibati ya kupima sumukuvu haihusu PCR.

Vumbi ni adui anayedharauliwa. Ufuta safi wa Lindi ukipakiwa kwenye kontena lililotoka kubeba soya ya Amerika Kusini, maabara ya mnunuzi itakuta soya ya GMO ndani ya ufuta. Andika kwenye fomu ya ukaguzi kontena au lori lilibeba nini safari iliyotangulia, na piga picha sakafu baada ya kufagiwa.

Maneno yanayokwenda kwenye ankara

Namba ya ushuru haitakusaidia. 1005.90 ni mahindi, 1201.90 ni soya, 2304.00 ni mashudu ya soya, na hakuna hata moja inayotofautisha GMO na isiyo GMO. Taarifa hiyo inakaa kwenye ankara au karatasi iliyoambatanishwa nayo.

Kwa nafaka ya chakula, lishe ya mifugo au kusaga, nchi wanachama wa Itifaki zilikubaliana huko Curitiba, Brazil, mwaka 2006. Kama mzigo ulitenganishwa tangu shambani na unajulikana una nini, karatasi iseme kwamba una GMO. Kama haukutenganishwa, iseme kwamba huenda una GMO moja au zaidi. Katika hali zote mbili itaje kwamba haukusudiwi kuachiliwa kwenye mazingira, itoe majina ya zao, vitambulisho vya mabadiliko, anwani ya BCH na mtu wa kuwasiliana naye. Kwa mbegu za kupanda, ongeza sifa za badiliko, namna ya kuhifadhi na kusafirisha salama, majina ya anayepeleka na anayepokea, na tamko kwamba usafirishaji unafuata Itifaki.

Sasa benki. Ukilipa kwa LC, yaani barua ya benki ya kuhakikisha malipo, benki inaangalia karatasi, haiangalii nafaka. Kama hukuorodhesha cheti cha maabara cha bandari ya kupakia miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa, muuzaji atalipwa bila hicho cheti, tena kihalali. Na ukinunua kwa CIF, yaani bei yenye bima na nauli ya meli ndani yake, hatari ya mzigo imekuhamia tangu ulipopakiwa kule. Kwa hiyo weka kwenye LC: cheti cha PCR kutoka maabara iliyotajwa, kwa sampuli iliyochukuliwa wakati wa kupakia, kikitaja jina la meli na namba za lakiri. Kwenye mkataba weka nani atabeba gharama mamlaka ya nchi ikiukataa: kurudisha, kuteketeza, ghala, na tozo za kuchelewesha meli. Muuzaji atavuta kamba. Afadhali mvutane sasa.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Mazao yetu mengi ya nje, korosho, karafuu, kahawa, chai, ufuta, hayana aina ya GMO inayouzwa popote duniani. Bado wanunuzi hudai "cheti cha kutokuwa na GMO", na mimi siwashauri watu wapoteze fedha kupima karafuu. Mwandikie mnunuzi tamko la kampuni kwamba zao hilo halina aina ya GMO sokoni na kwamba nchi ya asili hailimi GMO. Wengi wanaridhika. Asiyeridhika alipie kipimo mwenyewe.

India ni tofauti. Tangu Machi 2021 inataka cheti cha kutokuwa na GMO kutoka mamlaka ya nchi inayouza kwa mazao 24 ya chakula, yakiwemo mahindi, ngano, mchele na soya, kwa kila shehena. Tamko la kampuni halitoshi hapo. Soma orodha kabla hujaahidi tarehe.

Viwango vya lebo, yaani GMO ikizidi kiasi gani lazima iandikwe, vinatofautiana mno, na wateja wanavichanganya. Ulaya ni asilimia 0.9 kwa kila kiungo. Kenya, Australia na Brazil ni 1. Korea Kusini ni 3. Japani na Marekani ni 5, ingawa Japani tangu Aprili 2023 anayetaka kuandika "si GMO" lazima isionekane kabisa. Kenya iliposamehe ushuru wa mahindi ya njano ya mifugo, sharti lilikuwa asilimia 99.1 yasiwe na GMO. Ni ileile 0.9 imegeuzwa. Kwenye lori la tani 28, 0.9 ni kilo 252, magunia matano ya kilo 50. Si padogo. Lakini elewa: nafuu ya 0.9 ya Ulaya ni kwa badiliko lililoidhinishwa kwao, lililoingia kwa bahati mbaya, na uwe na ushahidi kwamba ulijitahidi kuzuia. Badiliko ambalo halijaidhinishwa ni sifuri. Kwa lishe ya mifugo peke yake, tangu 2011, kuna upenyo wa asilimia 0.1 kwa mabadiliko yanayosubiri idhini au ambayo idhini yake imekwisha.

Wauza asali wa Tabora na Katavi huniuliza kuhusu chavua. Septemba 2011 mahakama ya Ulaya iliamua, kwenye kesi ya mfugaji nyuki wa Ujerumani, kwamba chavua ya MON810 ndani ya asali inaifanya iingie kwenye sheria ya GMO. Wauzaji wa Amerika Kusini walihaha. Mwaka 2014 sheria ya asali ikarekebishwa: chavua ni sehemu ya asili ya asali, si kiungo kilichoongezwa, na kwa hiyo asilimia 0.9 inahesabiwa kwa asali yote. Mnunuzi akikudai kipimo cha chavua peke yake, mkumbushe hilo kwa upole, umwambie pia kwamba Tanzania hailimi mahindi hayo.

Mzigo ukikataliwa

Shirika la Biashara Duniani lipo, lakini usilitazamie likuokoe na meli iliyoko gatini. Ni serikali zinazoshtakiana huko. Marekani, Kanada na Argentina ziliishtaki Ulaya mwaka 2003. Uamuzi ukatoka Septemba 2006 kwamba Ulaya ilichelewesha idhini isivyostahili kati ya 1999 na 2003, na kwamba marufuku za nchi sita zikiwemo Austria, Ufaransa na Ujerumani hazikuegemea tathmini ya hatari. Jopo halikuamua kama GMO ni salama. Kinachokufaa wewe ni kanuni iliyo chini yake: nchi ina haki ya kukataa, ila iwe na msingi wa kitaalamu na isichelewe bila sababu. Kwa hiyo omba sababu za kukataliwa kwa maandishi, zikitaja kifungu cha sheria na matokeo ya maabara. Kisha omba sampuli ile yenye lakiri ipimwe upya na maabara nyingine. Vyeti viwili vikitofautiana, unayo nafasi ya kuzungumza. Ukiwa huna sampuli yenye lakiri, mjadala umekwisha, anza kutafuta bei ya kuurudisha.

Zihifadhi sampuli zako mahali pakavu mpaka malipo yakamilike na muda wa madai kwenye mkataba upite. Karatasi zikae zaidi: Ulaya inamtaka kila aliyeshika bidhaa ya GMO aweze kusema, kwa miaka mitano, aliipata kwa nani na akamuuzia nani. Faili moja kwa kila shehena, jina la meli juu, cheti cha PCR mbele, na nakala yake kwenye simu, kwa sababu afisa akiuliza saa kumi na nusu jioni ya Ijumaa, ofisi yenye faili huwa imefungwa.